Mama Mkwe na Waya ya Mita Kumi na Tano

Basi nilimkubali, mpendwa mshauri, kama ulivyonijibu mwezi wa nne nilipokuuliza iwapo mwanamume asiyejua maneno matamu anaweza kupenda, ukaniambia nitazame mikono yake badala ya mdomo wake, nami nikaitazama, na leo ni wiki ya saba tangu tufunge ndoa hapa Gilgil na sijui nianzie wapi kukueleza nilivyobarikiwa. Makhanu ni fundi wa mitambo kule Kariandusi kwenye machimbo ya udongo mweupe, na jioni anaporudi nyusi zake huwa nyeupe kabisa, na kabla sijampelekea maji ya kuoga humtazama kwanza pale mlangoni, kwa sababu naona atakavyokuwa akizeeka, na huyo mzee nampenda tayari kabla hajafika.

Lakini naomba msaada, maana nimeharibu jambo, na nimeliharibu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mama yangu hakuwa kwenye harusi yetu. Wiki moja kabla ya siku yenyewe aliteleza akitoka kukama, akavunjika mguu, akalazwa hospitali kule Webuye, na tulipotaka kuahirisha alikataa katakata, akasema, "Sherehe ya watu mia mbili haivunjwi na mguu mmoja." Tukampigia simu asikilize akiwa kitandani, mtandao ukakatika pale Makhanu alipoanza kula kiapo, na mpaka leo Mama hajasikia mwanamume huyu aliniahidi nini. Sasa anatembea kwa gongo, na alikuwa amepanga kuja mwisho wa mwezi huu ashinde nasi mchana mmoja, atazame video ya harusi, kisha jioni aende kulala kwa shangazi yangu Nakuru, kwa sababu kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi chumba kimoja wala hawapeani mikono, sembuse kulala nyumba moja, na Mama ni mtu wa kanisa kweli lakini hilo hajaliacha.

Ungemwona Makhanu alipopata habari kwamba anakuja! Alienda Nakuru akarudi na hom thieta, spika tano na ile kubwa ya besi, akasema Mama ataketi chumbani kwetu apumzishe mguu kitandani, tumwekee runinga yangu ndogo niliyokuwa nayo kabla ya kuolewa, na yeye abaki sebuleni na ile kubwa, kisha picha na sauti zipite kwa waya koridoni hadi chumbani ili wote wawili waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikamuuliza kwa nini tusimwachie Mama video aitazame peke yake, naye akanijibu akiwa ameinama anakaza skrubu, hata hakuinua kichwa, "Nikifika kwa kile kiapo, Nanyama, nataka nisikie kama atasema amina." Nilienda jikoni nikalia kidogo.

Shida ni waya. Mwenye duka, bwana mmoja anayeitwa Owino, alimuuzia waya ya HDMI ya mita kumi na tano, nyembamba, tukaunganisha na picha ikawa inakuja na kuzima, inakuja na kuzima, bibi arusi anaingia kanisani kisha giza. Tukairudisha. Owino akatoa nyingine yenye vichwa vya rangi ya dhahabu.

"Hii, boss, hata ukiivuta mpaka Naivasha picha itafika."

"Mimi nataka ifike chumbani tu," Makhanu akamwambia.

Haikufika. Na zile waya za spika alizotuongezea ni nyembamba kama uzi wa kushonea, tukizivuta hadi chumbani pasta anasikika kama ana mafua. Tukajaribu flashi mbili, moja kwa kila runinga, tubonyeze pamoja, lakini mimi nilipokuwa nikipiga vigelegele chumbani mwenzangu bado alikuwa kwenye mahubiri. Jumamosi tatu mfululizo mume wangu ametambaa koridoni kwa magoti, na hajalalamika hata siku moja, ila ameanza kunyamaza, na mimi najua akinyamaza anajilaumu.

Sasa kosa langu. Jirani yangu Shiko alikuja kuazima sufuria, akaruka zile waya, akasema, "Ghai, Trizah! Si mama aketi tu sebuleni na watu? Nani anafuata mambo hayo siku hizi? Mwambie mkwe wake ndiye amesema, uone kama atakataa." Na mimi kwa kumhurumia mume wangu nikampigia Mama hapohapo, nikamwambia Makhanu anasema aje tuketi sote pamoja sebuleni. Mama akasema, "Makhanu amesema hivyo? Haya. Basi huu mguu bado unauma, tutaona mwaka ujao," akakata simu.

Makhanu hajui. Jana ameleta kigoda alichokitengeneza mwenyewe cha Mama kuwekea mguu, na amekipiga msasa hadi kinateleza. Nikitazame vipi kigoda hicho? Nimwambie nani kwanza, na waya ipi ndiyo inafaa?

Trizah Nanyama, Gilgil

*

Trizah, hongera kwa ndoa, na hongera zaidi kwa hizo nyusi. Sasa keti nikuambie.

Mama yako haumwi na mguu. Amesikia kwamba mwanamume aliyempa binti yake hana adabu, na aliyemwambia ni wewe. Umemvisha mumeo maneno ambayo hakuyasema, mtu ambaye kosa lake lote ni kumwamini mwenye duka. Mpigie mama leo, kabla hujaosha vyombo, umwambie maneno yale yalikuwa yako na Makhanu hakuyajua. Usianze na habari za mvua. Usimtaje Shiko pia; Shiko alileta wazo, lakini simu ilikuwa mkononi mwako. Jioni umwambie na mumeo, akishaoga na kula. Atanyamaza. Mwache anyamaze, kisha umpe kazi ninayokuja kuitaja.

Na usimwombe mama tena aivue heshima yake kwa sababu ya waya. Mumeo hakuiona heshima hiyo kuwa mzigo. Ametambaa kwa magoti wiki tatu ili asiivunje. Wewe ndiye uliyechoka kwa niaba yake.

Tuje kwa waya. Nilifundisha fizikia miaka ishirini na sita kabla ya kupewa kiti hiki, kwa hivyo umenifurahisha kuliko unavyojua. Waya ya picha haipendi safari ndefu. Mita mbili, tatu, hata tano, waya ya kawaida inatosha. Mita kumi na tano tena nyembamba, picha inachoka njiani. Dhahabu ya kichwani inazuia kutu, haisukumi picha. Msafiri ni waya ya spika: hiyo inaenda mbali mradi iwe nene na iwe shaba tupu. Makhanu akifika dukani akwangue ncha yake kwa wembe. Ikibaki nyekundu hadi ndani, ni shaba. Ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba juu, aiache palepale mezani hata Owino aseme inafika Mombasa. Unene uwe milimita mbili na nusu za mraba, ule ule wa waya za soketi, ila achukue ile laini inayokunjika.

Sasa ona mlipokosea. Mmempeleka mgeni chumbani na mwenye nyumba mkamwacha sebuleni, kwa sababu runinga kubwa ni ya mwanamume. Nani aliwaambia? Geuzeni. Mama aketi sebuleni kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, runinga kubwa mbele yake, na waya ya picha iwe ya mita moja na nusu tu. Makhanu ndiye aingie chumbani, mapema, kabla mama hajafika mlangoni, na zile spika mbili za nyuma zivutwe hadi alipo kwa waya nene. Utaniuliza, ataona nini huko? Haoni kitu, na hahitaji. Yeye alikuwepo. Mama ndiye hakuwepo.

Kila waya ya spika ina pande mbili: nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, mwanzo na mwisho, maana nusu ya mafua ya pasta wenu huenda yalitoka hapo. Kwenye rimoti mchague spika zote zitoe sauti moja, la sivyo zile za nyuma zitampa mumeo vigelegele bila kiapo. Waya isilale bega kwa bega na ya stima, itanguruma. Na isipite sakafuni! Umeniandikia mwenyewe kwamba mama anatembea kwa gongo na kwamba Shiko aliziruka waya koridoni. Mama naye aziruke? Ipigwe klipu ukutani, ipande juu ya fremu ya mlango, ishuke upande wa pili.

Kwa kuwa chumbani kutakuwa na spika zake, sebuleni hamtahitaji kupandisha sauti. Ishusheni. Mlango wa chumbani uachwe wazi kiasi cha kiganja, na pazia liwe limeshushwa. Amina haihitaji waya, inahitaji kimya tu.

Mume wa namna hii, Trizah, usimpe mtu yeyote sababu ya kumdhania vibaya, na wewe uwe wa mwisho kabisa. Vyombo vitangoja. Mpigie.

Mwalimu Chesang

*

Jibu hili tulimtumia Trizah kwa simu kabla ya kulichapisha. Juzi aliandika hivi:

Mwalimu, nilipiga simu vyombo vikiwa bado vichafu. Nikamwambia Mama yote, hata mpango wako wa spika. Akauliza, "Kwa hivyo huyo mtoto wa watu ametambaa Jumamosi tatu kwa sababu yangu, na wewe ukamsingizia?" Nikasema ndiyo, Mama. Makhanu naye nilimwambia akishakula. Alichukua futi kamba akaenda kupima juu ya mlango, na aliporudi aliniuliza tu kama Mama anapenda sukari nyingi kwenye chai. Nimemwambia vijiko vitatu. Waya tumeshanunua, tumeikwangua, ni nyekundu hadi ndani. Na maneno ya mwisho ya Mama kwenye simu yalikuwa haya: "Mwambie mkwe wangu mlango auache wazi kidogo. Hiyo amina nitaisema kwa nguvu. Nakuja kabla mwezi huu haujaisha."