Cheti cha Nurdin na Vidonge vya Mkwewe

Mpendwa Bi Mwanne wa redio, shikamoo. Naomba msaada na usinicheke, mimi nauza vitenge Kariakoo, shule niliishia kidato cha pili baba alipofariki na roho iliniuma miaka yote, ndipo rafiki yangu akanionyesha kwamba siku hizi vyuo vikubwa vinafundisha bure kwenye simu, ni bando lako tu, nikajiandikisha kozi kumi na tisa kwa wiki moja maana cha bure nani anakiacha, lakini wateja hawaishi na Kiingereza chenyewe kinakimbia, nikamaliza moja tu ya kisukari na lishe, na hiyo nayo sikuisoma, tuna kundi la WhatsApp tunarushiana majibu ya mtihani, nikapata asilimia tisini na nane. Cheti nikakichapisha kwa rangi nikawapelekea wakwe zangu Magomeni siku ya Idi, mama mkwe akakitundika sebuleni, na tangu hapo nikimwamkia baba mkwe ananijibu, "Marahaba, dokta." Nilinogewa, siwezi kukudanganya. Sasa yeye, Mzee Haruna, ana kisukari, na jana kaniita mbele ya watu akasema vidonge vya kliniki kaviweka pembeni siku ya tatu leo, anangoja mimi mwenye cheti nimwambie ameze au aache, nikakohoa nikasema, "Baba, ngoja nipitie madaftari yangu." Daftari sina hata moja. Mke wangu Nasma anaujua ukweli, kaninunia. Nikisema, nitamtazamaje mkwe usoni?
Nurdin, Kariakoo

Marahaba, Nurdin. Nimecheka, tena sana, mpaka nilipofika kwenye vidonge. Loo! Mzee wa watu yuko bila dawa, wewe unaogopa kutazamwa usoni? Nasma hajakununia bure, yule ni baba yake.

Kuacha shule kwa kufiwa si aibu, na kutaka kusoma ukubwani nakupa heko. Ila kilichofutwa ni ada, mwanangu, kusoma hakujafutwa. Wewe kitenge feki unakijua kwa kukishika tu. Mzee Haruna angekijuaje cheti chako?

Asubuhi hii, chai ikichemka, nimeifungua hiyo kozi. Kiingereza changu cha kuokoteza, lakini kuna mahali unabonyeza mwalimu anaongea polepole. Somo la kwanza kabisa, dakika ya sita: mgonjwa asiache dawa bila kumwona daktari. Dakika sita tu, Nurdin!

Funga duka sasa hivi. Mchukue mzee umpeleke kliniki, na njiani mwambie, "Baba, majibu nilipewa." Atakufokea, nawe utanyamaza. Kisha cheti ukishushe kwa mkono wako, kozi uianze upya, moja tu.

Nimekupigia mara tatu hupokei, ndiyo maana barua nimeisoma hewani na jina lako. Mzee Haruna wa Magomeni, kama redio iko wazi hapo sebuleni, usimngoje dokta. Hayupo. Inuka baba, nenda kliniki.