Kwa Mwalimu Hilaire Upenji, Aliyelaza Kichwa Mezani

Hilaire, baba wa Viviane,

Mwaka umetimia tangu Jumanne ile ya Februari 1982, na mpaka leo mimi Marcelline, mke wako, nashtuka kila kengele ya shule inapolia. Natazama njia nikuone ukirudi, chaki imejaa kwenye mikono ya koti.

Hukupenda fimbo. Wenzako walikucheka: watoto arobaini na nane wa mwaka wa tatu, bila fimbo! Asubuhi za matope uliwaosha miguu mwenyewe kwa ndoo. Tena ulikuwa na mchezo wako. Ulilaza kichwa mezani, ukafumba macho kama umelala, nao wakakunja mikono na kunyamaza. Ukiinuka, ulitaja jina la aliyetulia kuliko wote, na huyo ndiye aliyegonga kengele ya saa sita, ile rimu ya lori iliyotundikwa uwanjani. Hata Viviane ulimfanyia hivyo nyumbani, ili amalize sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Jumanne ile ulilaza kichwa, hukuinuka.

Watoto wakakunja mikono. Hakuna aliyekohoa, kila mmoja aliitaka kengele. Karibu saa nzima, Hilaire! Mkurugenzi wa shule alipita dirishani, akafurahi kuona darasa limetulia, akaenda zake. 

Daktari alisema ni moyo. Kama ungeletwa mapema ingekuwaje, hakusema, na mimi nikajijibu mwenyewe. Sikuwahi kukuficha kitu, basi nisikie: mwaka huu niliwachukia watoto wako. Waliponisalimia njiani, nilipita kama sijawaona.

Juma lililopita Kanyere alikuja nyumbani, yule msichana ambaye mwishowe alisimama akakugusa bega. Alibaki mlangoni, mikono ameikunja.

— Mama, unisamehe. Siku ile nilisimamaka bila ruhusa.

— Mwaka muzima uko unabeba hiyo tu?

— Ndiyo, mama. Mwalimu alikuwa bado kuita jina. Nilimuharibia muchezo.

 Mimi nilimlaumu kwa kuchelewa kusimama, kumbe yeye alijilaumu kwa kusimama! Mtoto wa miaka tisa. Nilimvuta kifuani, tukalia wote wawili mpaka Viviane akatuletea maji.

Hilaire, uliwafundisha vizuri mno. Nakuambia hivyo kwa uchungu, na kwa mapenzi.

Tunaokuombea katika misa ya leo ni mimi mke wako, Viviane binti yako, dada yako Adèle wa Mahagi-Port, mdogo wako Sébastien wa Marabo, na watoto wako arobaini na nane, ambao sasa wako mwaka wa nne na wananisalimia, nami naitika.

Hatutakusahau, siku zote tulizobakiwa nazo.

Siku ile hukupata kutaja jina. Tumelitaja sisi. Leo saa sita Kanyere ndiye atakayegonga kengele, kwa sababu alisimama.

Bunia, Februari 1983