Kibati Namba Saba

Baba yangu uliyelala Ntalikwa,

Shikamoo. Nakuona unavyoitikia marahaba huku macho yakiwa tayari yananiuliza lile swali lako, kabla hata ya habari za wajukuu: "Njia?" Subiri kidogo, baba. Jibu ninalo, tena tamu, ila leo utanisikiliza mimi kwanza. Barua hii nimeiandika mbele za watu makusudi. Aisome wa Kigwa, wa Urambo, wa Kigoma, na wa Dar naye akiipata aisome. Siri yetu imeshazeeka, na mimi nimechoka kuibeba.

Kwa wasiokufahamu: ulikuwa mkaguzi wa njia kwenye reli ya zamani, na tuliishi gengini, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli nje kidogo ya Kigwa. Kila asubuhi ulibeba mkoba wako wenye nyundo, spana, bendera nyekundu, bendera ya kijani na fataki za kufunga juu ya reli ili zimshtue dereva kukiwa na hatari. Ukatembea juu ya mataruma yanayobeba reli kuelekea mashariki, ukigonga reli na kukaza nati zilizolegea, mpaka kwenye korongo lenye kalavati. Hapo kipande chako kiliishia na cha Mzee Maganga, mkaguzi wa gengi la pili, kikaanzia. Kila mmoja alikuwa na kibati chake chenye namba, wewe saba, yeye nane. Aliyetangulia kufika aliuliza, "Njia?" Mwenzake akajibu, "Salama." Mkabadilishana vibati, mkavuta sigara moja kwa zamu, kila mtu akageuza kwao. Jioni nyapara akikukuta na namba nane mkononi, alijua umefika korongoni kwa miguu yako. Bila namba nane, hata ungeapa kwa misalaba yote ya Tabora, asingekuamini, na kesho yake alidai saba vilevile.

Shule zikifungwa nilikuwa mkia wako. Ulinipa nyundo nigonge, wewe ukasikiliza. "Kalunde, reli nzima inaitika. Ikiguna, ujue inaumwa." Ukimaliza kuisifia reli ulianza kuusifia ukoo. Babu wa babu yako alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, pekupeku, mzigo begani na wimbo mdomoni. "Njia hii tumeipasua sisi Wanyamwezi kwa nyayo," ulisema. "Mjerumani kaja juzi tu kulaza vyuma." Juzi! Mama alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Alikuuliza kama hizo pembe ulizibeba wewe, mbona ndoo ya maji kutoka kisimani inakushinda. Ulijifanya hujasikia.

Sasa ile siku. Unajua ninayoisema.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka asubuhi, nawe umelala na malaria, unatetemeka hadi kitanda kinalia. Mama akataka amwite nyapara, ukakataa katakata. Kipande chako hakijawahi kukosa mtu hata siku moja, ulisema, utaamka tu. Ukaamka kweli, hatua mbili, ukaanguka mlangoni. Mama alipokwenda kukutafutia dawa, mimi nikavaa koti lako la mvua, nikavaa na kofia, nikachukua mkoba na kibati. Sikukuaga. Ningekuaga ungenikataza, maana kumtuma mtoto kukagua njia lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na nyumba ya gengi ilikuwa inakwenda na kazi. Niliyajua yote hayo. Lakini nilijua pia kwamba njia ninaijua, na ukaidi nimeurithi kwako, usimsingizie mama.

Nilipofika korongoni, kalavati halikuwepo. Maji yalikuwa yamelimeza pamoja na kokoto na udongo, reli mbili zimebaki zinaning'inia hewani kama kamba za kuanikia nguo. Ng'ambo amesimama Mzee Maganga. Kwa mazoea akapaza sauti kabla hajanitazama vizuri, "Njia?" Nikajibu kwa nguvu zangu zote, "Imekatika!" Ndipo akaona ni mimi.

"Wee Kalunde! Baba yako yuko wapi?"

"Anaumwa!"

Hakuuliza la pili. "Ya abiria inatoka Tabora, hiyo yako! Ya mizigo inatoka Itigi, hiyo yangu! Kimbia, mwanangu!" Tukapeana migongo, kila mtu mbio upande wake. Kwa mara ya kwanza tangu mpewe vibati vile, siku ikapita saba na nane hazijabadilishana mikono.

Nilikimbia kuelekea Kigwa, koti lako linanipiga visigino. Niliposikia honi kwa mbali nikafunga fataki juu ya reli kama ulivyonifundisha, nikarudi nyuma, nikachomoa bendera. Ikatoka ya kijani! Ewe unayesoma, cheka tu, ruhusa. Treni nzima ya watu na kuku wao, na mimi naipungia bendera ya kuiambia karibuni, piteni. Nimepunga mara mbili ndipo nikaona rangi. Niliirusha huko, sijui hata ilikoangukia, nikakamata nyekundu kwa mikono miwili. Fataki zikalipuka, breki zikalia, yule mnyama akasimama karibu yangu kiasi cha kuhisi joto lake. Nikachomeka bendera katikati ya mataruma, nikatokomea kwenye miombo. Ningemwambia nini dereva?

Kitandani ulisikia fataki, ukajua. Ulifika ukijikokota, na dereva, aliyekuwa ameona mtu mfupi mwenye koti na kofia, akakukumbatia. Ulikuwa unatetemeka kwa homa, abiria wakadhani ni baridi na ushujaa. Wakakubeba juujuu. Hakuna aliyeuliza koti lako liko wapi. Nyapara aliuliza bendera ya kijani iko wapi, ukasema maji yameichukua. Mzee Maganga, aliyekuwa ameisimamisha ya mizigo upande wake, alipoulizwa ni nani aliyekuwa ng'ambo ya pili, alijibu maneno mawili tu: "Namba saba." Mzee yule hakuwa mwongo, na hakuwa mmbea.

Wakubwa wa reli wakakupa redio, mbele ya gengi zima. Ulipofika nayo nyumbani uliiweka mapajani mwangu. "Hii ni yako," ukasema. "Lakini nikitamka, mwanangu, tunalala nje." Ukalia. Sikuwahi kukuona ukilia. Tangu siku ile redio ilikuwa mali yangu, nafungulia nitakacho, na wadogo zangu walilalamika miaka bila kupata jibu kwa nini Kalunde anapendelewa. Haya, wadogo zangu, jibu ndilo hilo.

Ila acha niseme na hili. Shuleni mwalimu alisimulia habari ya baba shujaa wa Kigwa, akatuambia tupige makofi. Nikapiga. Iliniuma, baba. Nilikupenda na iliniuma, vyote kwa pamoja, na sijawahi kukuambia mpaka leo.

Wewe ulikuwa unajua bila kuambiwa. Siku zako za mwisho pale Ntalikwa uliniita karibu. "Ile habari ya korongoni, uiseme. Mimi ujasiri ulinishinda." Nikakujibu kwamba sitaisema kama mtu anayedai sifa za zamani. Nitaisema siku nitakayolikagua korongo lile kwa haki yangu, niandike jina langu. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Basi nitasubiri sana," ukasema.

Baba, umekosea!

Reli mpya imekuja, ile ya kisasa, inapita kando ya ile yako. Walipokuja wapimaji nilikuwa mbeba fimbo ya vipimo, nasimama juani tangu asubuhi. Wanaume wakaniambia dada jua litakuharibia ngozi. Nikawajibu ngozi hii ni ya mjukuu wa wapagazi, haiharibiki kirahisi. Nikarudi darasani na watoto wenye umri wa kuzaliwa na mimi, nikafeli hesabu, nikarudia, nikafaulu. Leo mimi ni mkaguzi wa njia. Mataruma ni ya zege, reli zimechomelewa zikawa kitu kimoja, ule mlio wa takataka-takataka uliotulaza utotoni haupo tena. Mashine yangu inapitisha sauti ndani ya chuma, na kioo kinaonyesha palipo na ufa. Wenzangu wanaona maajabu. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilisema moyoni, kumbe nyundo ya baba wameitia umeme. Treni za abiria bado hazijaanza kupita kwetu, lakini korongoni sasa kuna daraja, baba, la zege, refu, lina miguu minene. Mvua za mwaka huu zilishuka kwa fujo zile zile. Maji yakapita chini yake na kwenda zake.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu kulikagua kabla ya treni ya kazi ya wajenzi kupita juu yake mara ya kwanza. Nikamwomba mkubwa wangu ruhusa ya kumleta mgeni mmoja. Unamjua. Mzee Maganga yuko hai, meno yamebaki ya kuhesabika, miguu bado inamsikiliza. Nilimtumia gari, akakataa, akaja na bodaboda, kibati namba nane kipo mfuko wa shati. Ulipostaafu, nyapara alikuachia kibati chako, na Mzee Maganga naye akaachiwa chake. Chako ninacho mimi tangu tulipokuzika. Tukamvika kofia ngumu na kizibao cha kung'aa, akajitazama, akasema, "Nikimpitia bibi yenu hivi, atanioa upya."

Nikamwomba aanzie upande wake wa mashariki. Mimi nikaanzia wetu. Nilikagua kila kiungo, baba, sikuruka hata kimoja, yeye akitembea na mkongojo wake huku amemkataza kijana wa usalama kumshika mkono. Tukakutana katikati, kando tu ya pale palipokuwa na hewa na vyuma vinavyoning'inia. Akasimama wima. "Njia?"

Machozi yakanitangulia, nikayafuta kwa pindo la kizibao. Mzee akauliza tena, kwa ukali kama mtu wa kazini, "Namba saba! Njia?"

"Salama!" Nilipiga kelele, nadhani Kigwa walisikia. "Salama, mzee wangu!"

Nikampa saba, akanipa nane. Wenzangu waliokuwa wanatutazama bila kuelewa wakaja kuuliza kulikoni, na yule mzee aliyekaa kimya miaka yote akawaambia kila kitu, kuanzia koti mpaka mbio. Akamalizia, "Mkitaka kumjua aliyeisimamisha treni ile, ndiye huyu." Wakanipigia makofi, baba. Watu wa makofia magumu, juu ya daraja, wananipigia makofi mimi. Nilicheka na kulia kama mwehu. Kisha nikafungua kitabu cha ukaguzi nikaandika jina langu lote, la ubatizo, la kwetu na lako, herufi kubwa. Treni ya kazi ikapita taratibu juu ya korongo ikipiga honi. Mkononi nilikuwa na bendera ya kijani. Safari hii nilikuwa nimeichagua mwenyewe.

Redio nimeirudisha kwa mama, anaisikiliza jikoni ingawa inakoroma kuliko ulivyokuwa ukikoroma wewe. Deni la moyo kati yangu na wewe halipo tena. Nakuita shujaa na simaanishi uongo wa siku ile. Ni wewe uliyempa mtoto wa kike nyundo wakati hakuna aliyekuomba.

Jumapili baada ya misa nakuja Ntalikwa. Nitaweka namba nane juu ya kaburi lako, uione mwenyewe, maana wewe na nyapara wako hamkuwa watu wa kuamini maneno matupu. Kipande chetu kimetembewa chote, mpaka korongoni. Njia salama, baba.

Ni mimi, binti yako Kalunde,
namba saba.