Babu Mdogo Ameigiza Msamaha Wetu Kwenye Runinga

Mama mshauri, shikamoo. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, ukurasa wako nausoma kwenye maktaba ya shule kila wiki, na sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua, lakini nimeshindwa kusoma na nimeshindwa kula, naomba unisaidie kabla ya Krismasi.

Babu yangu Sylvanus ana mdogo wake anayeitwa Thadeus, mchekeshaji ambaye bila shaka umemwona, kwenye runinga anaitwa Mangi Chenji, yule mwenye duka anayevaa kofia mbili na hana chenji hata siku moja. Alianza zamani kwenye kikundi cha maigizo cha kiwanda huko Dar es Salaam, kiwanda kilipouzwa kikundi kikafa, akawa anazunguka kwenye baa akichekesha watu wanaokula nyama wasiomtazama, mpaka vituo vya runinga vilipoanza vikamchukua, na sasa anaonekana kila Jumamosi jioni. Runinga yetu alituletea yeye, na majirani huja kumtazama sebuleni kwetu, maana kwa kijiji chetu yeye ni kama timu ya mpira.

Kati ya majirani hao ni mzee Filemon na mkewe, Mama Gidioni. Gidioni alikuwa mtoto wao wa kwanza. Mimi nilikuwa mdogo sana wakati babu alipokuwa anakata mti kwenye kihamba chetu, shamba letu la migomba hapa nyumbani, mti ukaangukia upande asioutegemea, na Gidioni alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akafa palepale. Familia zetu hazikusemeshana mpaka babu alipowapelekea tawi la sale, ambalo kwetu ukimpelekea mtu uliyemkosea hawezi kukataa kukusamehe, na babu Thadeus alikuwa amekuja kutoka Dar, akamsindikiza. Babu alipiga magoti akiegemea upande mmoja kwa sababu goti lake ni bovu, akasema maneno ambayo watu wa kwetu wanayakumbuka mpaka leo, alisema, (hapa nimeyaondoa maneno yenyewe, sababu nitaitoa kwenye jibu – Mshauri). Walilia wote. Mama Gidioni akalipanda lile tawi kwenye kaburi la mwanawe, likashika, na tangu hapo wanakuja kwetu kama ndugu.

Sasa Jumamosi moja mwezi uliopita tumekaa, sebule imejaa, Mangi Chenji amemgonga kuku wa mama mkwe wake kwa baiskeli, watu wanacheka, mzee Filemon anamwambia babu, "Huyu mdogo wako angekuwa padri, hata sadaka ingekosa chenji," na babu anacheka mpaka anakohoa. Halafu Mangi Chenji akaenda kwa mama mkwe ameshika sale, akapiga magoti akiegemea upande mmoja vilevile, akasema maneno yaleyale ya babu, neno kwa neno, kwa sauti ya babu, kisha akapenga kamasi kwa lile jani, na humo ndani ya runinga watu wakaangua kicheko.

Sebuleni hakucheka mtu. Mama Gidioni aliuliza taratibu, "Kwa kuku?" Akauliza tena, "Thadeus anayasema kwa kuku?" Akachukua kanga yake akatoka. Mzee Filemon alisimama akamtazama babu, akamwambia, "Kumbe siku ile mlikuwa mnafanya mazoezi." Asubuhi mama yangu alipokwenda kukata majani alikuta lile sale la kaburini limeng'olewa na mizizi yake, limelazwa kwenye njia ya kuingilia kwetu.

Mama mshauri, mimi siku zote nilifikiri mchekeshaji anatunga. Sikujua kwamba anachukua.

Babu Thadeus aliposikia alipanda basi akaja. Nilidhani atakana. Babu alimwuliza mbele yetu sote, "Ulijua ni maneno yangu?" Akajibu, "Nilijua, kaka. Kila wiki wanataka jipya, vijana wamesimama mlangoni wanangoja nafasi yangu, na mimi sikubakiwa na kitu kizuri kama kile." Babu akanyamaza, na amenyamaza mpaka leo, hata pombe yake ya mbege ya Jumapili haigusi.

Sasa babu Thadeus anataka kwenda kwa mzee Filemon na sale siku ya Krismasi, ndugu wote wakiwa wamepanda huku mlimani kutoka mijini. Alijaribu maneno ya kusema pale jikoni, mama akajikuta anacheka na kuziba mdomo kwa kanga, naye akasema, "Unaona, mkwe? Hata nikilia kweli mnacheka." Ndipo akanigeukia. "Zita, msomi wa nyumba hii ni wewe. Niandikie maneno, niyashike. Mimi nikiandikiwa sikosei." Ninampenda, kamusi yangu ya kwanza alinitumia yeye. Nimeanza mara nyingi na kuchana, kwa sababu nikiandika vizuri naona nimetunga mchezo mwingine, na nikikataa naona nitawaacha wazee wetu wafe wakiwa maadui. Niandike au nisiandike?

Zita, Kilema

*

Marahaba, mwanangu. Usiandike. Nimeanza na hilo ili leo ule.

Majina yote nimeyabadilisha, na kijiji pia. Yale maneno ya babu yako uliyoninakilia nimeyafuta kwa mkono wangu. Ni mazuri kweli, nilipoyasoma nilikaa kwanza. Lakini wewe uliyapeleka kwenye gazeti ambalo wiki ijayo litafungiwa maandazi sokoni Njoro, kwa sababu ulitaka nikuelewe vizuri. Unashangaa babu yako mdogo aliwezaje? Aliweza hivyohivyo. Mtu ana jambo la kusema, anaona neno zuri karibu, mkono unakwenda wenyewe. Wewe umepata wa kukuzuia. Yeye alipata wa kumpigia makofi.

Sasa sikiliza. Umeniambia babu Sylvanus hasemi, ukapita hapo haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Nyumba nzima mnahangaika na mlango wa Filemon, na mwenye maneno amekaa ndani kwenu hajaombwa radhi. Kusema "nilijua" ni kukiri, bado si kuomba. Babu yako mdogo aanzie kwa kaka yake, na sale, wawili peke yao, wewe na mama yako mkiwa mbali. Maneno ya kusema asitafute. Kaka yake akimpokea, huyo kaka ndiye atakayejua waende lini kwa jirani.

Krismasi asiingoje. Anasema anangoja ndugu, mimi naona anangoja watazamaji. Namhurumia, maana mtu aliyeishi kwa kutazamwa tangu ujana anaogopa chumba kitupu. Hata hivyo aingie humo. Na kabla ya yote apige simu kituoni, kipindi kile kisirudiwe. Wakimkatalia, aache kazi yao. Ni ngumu, najua, na wewe usimtetee kwa sababu ya kamusi.

Kwa Mama Gidioni asipeleke sale kabisa. Fikiri, wewe msomi. Jani ambalo mtu hawezi kulikataa, ukimpelekea mama uliyemdhihaki mwanawe, unamwomba au unamfunga mikono? Yule mama alilipokea mara moja kwa moyo wake wote, na mmeona lilivyotumika. Safari hii mtu aende mikono mitupu, ili mama awe na nafasi ya kumfukuza.

Najua huwezi kumwambia haya uso kwa uso. Basi mwandikie: "Babu, shikamoo. Sitaweza kukuandikia, naomba uanze kwa babu Sylvanus." Hayo tu, na usiyapambe.

Huenda akafukuzwa. Akifukuzwa arudi nyumbani, na baada ya Pasaka aende tena. Lakini mtu wa kazi yake hata akifukuzwa anaona: atashika sauti ya yule mama, atashika alivyosimama mlangoni na mkono ulivyobaki kwenye komeo. Hawezi kuacha kuona, kazaliwa hivyo. Asimwonyeshe mtu yeyote.