Alama ya Matairi Njia ya Kasenga

Élisabethville, 4 Juni 1954

Yaya Hortense,

Nakusalimu wewe na watoto. Kifua cha mama kimepoa? Mimi niko muzima, ila roho haitulii. Umekwisha kusikia: kamyo la samaki la bwana wako Rigobert limemgonga Kasonde, mwuza makaa wa baiskeli, njia ya Kasenga. Kasonde amekufa, Rigobert yuko gerezani. Jaji amenituma mimi, karani wa vipimo, nipime. Hajui kwamba ni shemeji yangu.

Usilie. Gari likifunga breki linaacha alama, nasi tunapima urefu wake. Unatafuta racine carrée ya mita hizo, yaani ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakurudishia mita zako. Kisha unazidisha kwa kumi na moja, namba ya njia za vumbi kama yetu, unapata mwendo. Nimekuta mita kumi na sita. Racine ni nne, basi kilomita arobaini na nne kwa saa. Ruhusa ni hamsini. Atarudi nyumbani.

Mdogo wako,
Désiré

Kilwa, 15 Juni

Mdogo wangu,

Barua imetukuta wazima, mama anakohoa kidogo tu. Hesabu zako zimenichekesha. Karo ya mapadri haikupotea bure. Lakini jambo moja linanisumbua. Tangu aumie goti, Rigobert hakanyagi breki kwa nguvu. Hupunguza mwendo kwa gia, na mashofere wote wanamcheka. Sasa hiyo alama imetoka wapi?

Yaya yako,
Hortense

Élisabethville, 24 Juni

Yaya,

Habari za mama? Huku si nzuri. Jaji alitaka nipime tena mbele ya polisi. Nikakuta mita ishirini na tano, nikasema nilikosea. Jumanne tukarudi: arobaini na tisa. Racine ni saba, mwendo sabini na saba. Kigingi nilichopigilia mwanzo wa alama kimesimama palepale, na alama imepita nyuma yake. Kipande kile cha njia kimefungwa, hakuna gari linalopita. Naogopa, Yaya. Kwa sabini na saba atafungwa miaka mitano.

Mdogo wako,
Désiré

Kilwa, 3 Julai

Désiré,

Mama hajambo. Mulenga, shofere mwenzake, alimwona Rigobert gerezani. Rigobert amemwambia: "Ambia Désiré apime tu, asiseme kitu. Yeye iko na kazi ya kalamu, mimi niko mushofere."

Siku ile volani ya kamyo ilikuwa mikononi mwa nani? Watoto wanamuulizia baba yao kila asubuhi. Usinijibu kwa hesabu.

Yaya yako,
Hortense

Élisabethville, 29 Julai

Yaya,

Sithubutu kuuliza hali yako. Barua tatu nimeandika nikazichana.

Ni mimi. Tulipotoka kwenu baada ya likizo nilimwomba anifundishe kuendesha, akaniachia, akasinzia. Kasonde alipokwisha kuanguka, Rigobert alikaa kwenye volani akaniambia nikimbie. Kesho yake, kabla ya kupima, nilikata tawi nikaifagia alama, nikaacha mita kumi na sita tu. Niliichagua namba hiyo kwa sababu racine yake ni rahisi.

Nilichofagia kimerudi chote. Leo ni mita themanini na moja. Racine ni tisa, mwendo tisini na tisa, na ndiyo namba niliyoiona kwenye kipima-mwendo mbele yangu kabla ya kukanyaga breki. Tangu juzi haijaongezeka.

Saa mbili nitakuwa mbele ya jaji. Rigobert akifika, mpikie. Umwambie nimepima.

Mdogo wako,
Désiré