Divai ya Meza ya Bwana

Dzaleka, Jumamosi

Mataifa yote yasikie: Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, sasa iko na divai yake! Aina: nyekundu, isiyo tamu sana. Mtengenezaji: mimi, fundi cherehani.

Zabibu nilinunua soko la Area 25 kule mjini, zile zilizolegea, nikaziponda kwa mikono na kuziacha na maganda yake mu bidoni, dumu la plastiki. Ganda njo linaleta wekundu. Ukilitoa, unapata divai nyeupe. Padri aliyetufundisha shuleni Bukavu alisema watu wa kwanza walipata divai kwa kusahau zabibu mu mtungi. Kumbe kusahau ni kazi ngumu.

Leo Mama Furaha, anayetayarisha Meza ya Bwana kanisani kwetu, alikuja kuonja. Akakunja uso.

“Papa Amani! Yesu aligeuza maji kuwa divai. We umegeuza divai kuwa vinegre!”

“Mama, kila mutu na kipaji chake.”

Tulicheka sana, kisha akaenda. Kesho kanisa litashiriki kwa soda nyekundu, kama kila mwezi.

Nilimwambia zabibu ndizo zilikuwa mbaya. Si kweli. Bidoni ilipaswa kukaa imefungwa majuma matatu, maana hewa ikiingia divai inakuwa siki. Mi nilikuwa naifungua kila jioni, naweka sikio, nasikiliza povu likichemka. Tangu mke wangu na batoto bapande ndege kwenda Kanada, dosye yangu, faili la maombi ya kuhamia kule, ikabaki huku, hakuna kitu kingine kinachonisemesha mu hii nyumba.