Mti wa Hazim Kando ya Falaji

Ibra

Dada yangu Samah,

Shikamoo. Natumai nyote huko Sur hamjambo, wewe, mtoto na shemeji, pamoja na kitambi chake. Bibi anakusalimu; magoti yanamsumbua ila ulimi mzima. Mimi sina hata mafua, uzuri ndio unazidi. Naandika kwa kuwa nikipiga simu Bibi anasikia kila neno.

Binamu yetu Hazim karudi kutoka masomoni Australia na Kiingereza cha puani. Kanunua mche Maskati, mti wa huko huko alikosoma, ganda lake linabanduka kama karatasi. Bibi akampa pahala kando ya falaji, mfereji wetu wa kumwagilia, pale nilipoomba nifunge mbuzi wangu nikakataliwa.

Nisingejali. Lakini Khole, binti wa jirani yetu Mzee Ghanim, akawa haishi kuja kuutazama. Hazim anaeleza, yeye anasikiliza mdomo wazi. Maelezo yenyewe sikuyasikia, nilikuwa namtazama Khole anavyosikiliza. Mimi hajanisikiliza vile hata siku moja, na nina maneno kuliko redio.

Kisha Hazim akapata kazi Mudhaibi, anarudi Alhamisi tu. Kumwagilia nikaachiwa mimi. Hapa usipige kelele, shemeji asisikie: nilitaka ule mti ufe. Niliukumbuka mpapai wa Bibi, ulivyosimama majini ukaoza mizizi. Basi kila ikifika zamu yetu ya maji ya falaji nikichomoa matambara ya kuzibia mfereji, maji yote nauelekezea, mpaka pakawa matope ya kuzamisha mguu. Milimau ya Bibi ikabaki na kiu.

Samah, ule mti ukanenepa. Ukachipua kila upande, ukanipita kimo.

Alhamisi iliyopita Khole akaja na baba yake. Akalishika ganda, akayatazama matope, akasema, "Hazim, si uliniambia kwao unaota kwenye vinamasi? Kumbe umeujengea kinamasi chake hapa."

Hazim hakukana. Katabasamu tu, na Mzee Ghanim akamwalika chakula cha Ijumaa. Nami nimesimama pale, tope mpaka magotini, hakuna aliyeniuliza kitu.

Wivu unanitafuna, dada. Sifa ni zangu, na siwezi kuzidai bila ya kusema nilikuwa nikitaka nini. Wewe Khole anakuheshimu. Mpigie, mwambie nani alikuwa akifungua maji. Akiuliza kwa nini, simu ikatike.

Mbusu mtoto. Bibi anataka papa mkavu wa Sur, usimsahau.

Mdogo wako, na huna mwengine mzuri kama huyu,
Yazan